Kutoka Sandarusi hadi Kombe la Ushindi

Kila mwaka shule, vyama vya michezo, viwanda na ofisi za umma nchini Tanzania hutoa makombe na tuzo kwa watu waliotia fora katika kazi zao. Mengi ya makombe yanayoonekana madukani ni ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Yametengenezwa kwa mashine katika nchi za mbali, na kazi inayobaki kufanywa hapa ni kubandika kibao chenye jina la mshindi. Hata hivyo, kombe ni miongoni mwa vitu ambavyo karakana ndogo inaweza kuvitengeneza kwa mkono bila mtambo mkubwa wala umeme mwingi. Vinavyotakiwa ni mizani, kalibu, saa na resini. Kinachotakiwa zaidi ya hivyo ni kuelewa mambo yanayotokea ndani ya kalibu baada ya resini kumiminwa.

Mbezi Luis, magharibi mwa Dar es Salaam kandokando ya Barabara ya Morogoro, ni mahali panapofaa kwa mfano. Eneo hilo limo katika Wilaya ya Ubungo, iliyomegwa kutoka ile ya Kinondoni, na tangu kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilipofunguliwa hapo Februari 2021 limekuwa lango la jiji. Msomaji na amfikirie fundi mmoja wa hapo, si mtu fulani bali mfano tu, ambaye ameagizwa makombe 12 kwa ajili ya mashindano ya shule. Anafanya kazi uani, chini ya banda la mabati. Siku ya kukabidhi zawadi imekwisha kupangwa, na fedha ya malighafi ameitoa mfukoni mwake.

Fundi huyu akimimina resini kama mtu anayemimina zege, bila kupima, huenda akapata makombe yaliyopasuka, yenye viputo, au yanayonata mkononi. Jambo baya zaidi ni kwamba anaweza kupoteza jicho au kuunguza banda. Akipima, malighafi hiyohiyo itampa kazi safi. Makala haya yanaeleza sababu za tofauti hiyo.

Ardhi iliyokuwa ya resini

Neno resini laweza kuwa geni masikioni, lakini kitu chenyewe si kigeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Resini ni utomvu mzito unaogeuka kuwa kitu kigumu, na pwani hii ilikuwa na resini yake mashuhuri, yaani sandarusi.

Sandarusi hutoka katika mti uitwao msandarusi, ambao wataalamu wa mimea wameupa jina la Hymenaea verrucosa. Mti huu humea katika misitu ya pwani kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na pia katika kisiwa cha Madagaska. Katika karne ya 19 Wazaramo na majirani zao walichimba sandarusi katika nchi iliyo nyuma ya Bagamoyo na Dar es Salaam, wakaiuza kwa wafanyabiashara wa pwani, nao wakaipeleka Unguja. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyekuwa katika sehemu hizi kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwamba wenyeji walitofautisha aina mbili. Ya kwanza waliiita chakazi, nayo ilikuwa utomvu mbichi uliotoka mtini karibuni. Ya pili ilikuwa sandarusi ya kuchimbwa, iliyokaa ardhini muda mrefu baada ya mti wenyewe kufa na kuoza. Hiyo ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na ndiyo iliyokuwa na bei. Ilipooshwa ilionekana kuwa na vipele vidogo juu yake, mfano wa ngozi ya bata aliyenyonyolewa manyoya.

Wateja wakubwa walikuwa wenye viwanda vya vanishi vya Ulaya na Marekani. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilibeba shehena nyingi za sandarusi kutoka Unguja. Huko ilisafishwa, ikapikwa pamoja na mafuta ya kitani kwa moto mkali, na kuwa vanishi ya kung'arisha magari ya farasi na samani.

Kuna sababu ya kisayansi iliyofanya sandarusi ya ardhini iwe bora kuliko chakazi. Utomvu unapotoka mtini huwa na molekuli ndogo ndogo pamoja na mafuta mepesi yanayogeuka mvuke kwa urahisi. Miaka inapopita mafuta hayo huondoka, na molekuli zinazobaki huungana zenyewe kwa zenyewe na kufanya umbo moja lililoshikamana. Utomvu unapozidi kuungana huwa mgumu zaidi. Kwa njia hiyo hiyo kaharabu ya nchi za Baltiki, ambayo umri wake ni mamilioni ya miaka, imekuwa ngumu kuliko sandarusi, ambayo ni changa mno ikilinganishwa nayo.

Kwa hiyo sandarusi ni resini iliyogandishwa polepole na wakati. Resini anayoitumia fundi wa makombe hufanya kazi inayofanana na hiyo, lakini kwa muda wa dakika chache. Ugumu wote wa kazi ya fundi umetokana na haraka hiyo.

Resini ya kiwandani

Soko la sandarusi lilififia katika karne ya 20 wanakemia walipojifunza kutengeneza resini wenyewe. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, alifanikiwa kugandisha mchanganyiko wa fenoli na fomaldehaidi ukawa kitu kigumu kisichoyeyuka. Mwaka 1920 Mjerumani Hermann Staudinger alitoa hoja kwamba vitu vya namna hii vimeundwa kwa molekuli ndefu mno, zenye viungo maelfu vilivyofuatana kama pete za mnyororo. Wenzake wengi walimpinga, lakini mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Molekuli hizo huitwa polima. Katika miaka ya 1930 zilifuata resini za poliesta na za epoksi, na hizi mbili ndizo zinazotumika sana leo katika kusubu vitu vidogo kwa mkono.

Resini ya poliesta inapouzwa huwa kimiminika kizito chenye harufu kali. Ndani yake mna minyororo ya poliesta iliyoyeyushwa katika kimiminika chepesi kiitwacho stirini. Kila mnyororo una mahali kadhaa panapoweza kushikwa, lakini hakuna kinachoanzisha kushikana. Kazi hiyo ni ya kigandishi, ambacho kwa kawaida ni peroksidi ijulikanayo kwa herufi MEKP. Kinapokutana na kichapuzi, aghalabu chumvi ya kobalti ambayo mara nyingi kiwanda huwa kimekwisha kuitia ndani ya resini, kigandishi huvunjika na kutoa vipande vya molekuli visivyotulia. Kipande kimoja hushika molekuli ya stirini, hiyo hushika nyingine, na ile nyingine hushika mnyororo wa poliesta. Kila mshiko huzaa mshiko mwingine, hata kimiminika chote kinageuka kuwa wavu mmoja.

Wavu huo haufumuki. Nta au plastiki ya ndoo ikipashwa moto hulainika, kwa kuwa minyororo yake imelala tu sambamba bila kufungana. Resini iliyogandishwa ni kama yai lililochemshwa: moto ukiongezwa litaungua, lakini halitarudi kuwa bichi. Ndiyo maana kombe lililoharibika haliwezi kuyeyushwa na kusubiwa upya kama fundi wa shaba anavyoweza kufanya. Kosa la kipimo ni hasara kamili.

Kalibu

Kazi huanza kwa kutengeneza mfano wa kombe kwa udongo, mti au nta. Mfano huo hulainishwa kwa msasa mpaka usiwe na mkwaruzo, kwa sababu kalibu hunakili kila kitu kwa uaminifu, hata alama ya kidole. Kisha mfano huzungushiwa kisanduku na kumiminiwa mpira wa silikoni, ambao nao huganda kwa kigandishi chake. Silikoni hupendwa kwa sababu mbili. Kwanza, hunyumbulika, hivyo kombe lenye mikono au mabawa linaweza kutolewa bila kuvunjika. Pili, resini haishikamani nayo. Kalibu ya silikoni haidumu milele, hata hivyo. Stirini huingia ndani ya mpira kidogo kidogo na joto huuchosha, hata ukapoteza unyumbufu wake.

Fundi hana budi kujua kalibu yake inachukua resini kiasi gani. Njia rahisi ni kuijaza maji na kuyapima kwa mizani, kisha kuikausha kabisa kabla ya kuitumia. Lita moja ya maji ina uzito wa gramu 1,000. Resini ya poliesta ikiwa bado kimiminika ni nzito kuliko maji kwa takriban sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo kalibu iliyopokea gramu 1,000 za maji itapokea karibu gramu 1,100 za resini. Kwa makombe 12 fundi atahitaji kilo 13.2, na ataongeza kidogo kwa ajili ya resini inayobaki koponi.

Ikumbukwe pia kwamba poliesta husinyaa inapoganda, kwa sababu molekuli zilizoshikana hukaa karibu zaidi kuliko zilipokuwa huru. Ujazo wake hupungua kwa asilimia 7 hivi. Kombe litatoka dogo kidogo kuliko mfano, na sehemu nene zikiganda kwa mwendo tofauti na zile nyembamba, kusinyaa huko kutazivuta mpaka zipasuke. Epoksi husinyaa kidogo zaidi, lakini bei yake ni kubwa.

Mizani na kigandishi

Makosa mengi ya mafundi huanzia hapa. Kwa poliesta kiasi cha kawaida cha kigandishi ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini, na fundi hana budi kufuata maelezo ya mtengenezaji. Katika gramu 1,100 za resini, asilimia 1 ni gramu 11, na asilimia 2 ni gramu 22. Tofauti ni gramu 11 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukikadiria katika kopo. Mizani ndogo ya kupimia gramu ni kifaa cha lazima katika karakana ya namna hii.

Epoksi inafuata kanuni nyingine, na hapa mafundi wengi hudanganyika. Kigandishi cha poliesta huanzisha tu kazi ya kuungana, kwa hiyo kikizidi kidogo resini huganda upesi, na kikipungua huganda polepole. Kigandishi cha epoksi chenyewe ni sehemu ya wavu. Kila molekuli yake inapaswa kupata mwenzake wa kushikana naye. Mtengenezaji akisema sehemu 2 za resini kwa sehemu 1 ya kigandishi, fundi akatia sehemu mbili kwa moja na nusu akitumaini kuharakisha kazi, hataharakisha chochote. Ataacha molekuli zilizokosa wenzake, na kombe litabaki laini na lenye kunata siku zote.

Joto la hewa nalo ni sehemu ya kipimo. Kwa makadirio ya kawaida ya wanakemia, mwendo wa mabadiliko mengi ya kikemia huongezeka karibu mara mbili halijoto inapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Resini inayoanza kuganda kwa dakika 20 katika nyuzi 22 itaganda kwa dakika 10 hivi katika nyuzi 32. Maelezo yanayobandikwa kwenye makopo aghalabu yameandikwa kwa kufikiria chumba chenye nyuzi 20 hadi 25. Mchana wa Januari au Februari katika Dar es Salaam hufikia nyuzi 31 au 32, na chini ya mabati joto huzidi hapo. Kwa sababu hiyo fundi wa Mbezi Luis hana budi kupunguza kigandishi cha poliesta bila kushuka chini ya kiwango kilichoruhusiwa, na kufanya kazi yake alfajiri au jioni. Resini yenyewe na iwekwe kivulini, kwa kuwa kopo lililokaa juani huanza kuzeeka hata kabla ya kufunguliwa.

Daftari litamsaidia kuliko kumbukumbu. Kila anapomimina na aandike tarehe, saa, halijoto, uzito wa resini, uzito wa kigandishi, na dakika zilizopita kabla resini haijaanza kuganda. Baada ya miezi michache atakuwa na jedwali lake mwenyewe, linalolingana na hali ya hewa ya Mbezi Luis.

Joto linalozaliwa ndani

Kila molekuli mbili zinaposhikana, joto kidogo hutoka. Katika utando mwembamba joto hilo hutawanyika hewani bila kuonekana. Katika donge nene hujikusanya, na halijoto ya katikati inaweza kupita nyuzi 100, kiwango cha maji kuchemka, hata kufikia nyuzi 150 na zaidi. Resini hugeuka rangi ya manjano, hutoa moshi, na mwishowe hupasuka.

Hesabu ndogo inaonyesha sababu. Mchemraba wenye upande wa sentimita 2 una ujazo wa sentimita za ujazo 8 na uso wa sentimita za mraba 24. Mchemraba wenye upande wa sentimita 10 una ujazo wa 1,000 na uso wa 600. Resini inayotoa joto imeongezeka mara 125, lakini uso wa kulitolea umeongezeka mara 25 tu. Kila sehemu ya uso sasa inabeba mzigo mara tano ya ule wa kwanza. Kila mpishi anajua jambo hili kwa njia yake: uji uliobaki katika sufuria kubwa hukaa na moto muda mrefu, ilhali ule uliopakuliwa katika kikombe hupoa upesi.

Dawa yake ni kumimina kwa matabaka. Fundi humimina kina cha sentimita 1 au 2, husubiri tabaka hilo ligande na kupoa, kisha humimina jingine. Kwa kombe lisilopaswa kupenyeza nuru anaweza kuchanganya unga wa chaki, ambao hautoi joto bali hulipokea, na pia hupunguza gharama na kusinyaa. Kigandishi hupimwa kwa uzito wa resini peke yake. Uzito wa chaki hauhesabiwi.

Viputo, hewa na unyevu

Kukoroga huingiza hewa. Kiputo kikubwa hupanda juu na kupasuka, lakini kidogo hubaki. Kasi ya kiputo kupanda hufuata mraba wa kipenyo chake: kiputo chenye nusu ya kipenyo cha mwenzake hupanda kwa robo ya mwendo wake. Kabla kiputo kidogo hakijafika juu, resini imekwisha kuganda. Viwanda hutumia pampu ya ombwe kuvuta hewa nje. Asiye na pampu akoroge polepole, aache mchanganyiko utulie kwa dakika mbili au tatu, kisha aumimine kwa uzi mwembamba kutoka juu kidogo. Katika uzi huo viputo vingi hunyooshwa na kupasuka.

Hewa ina ubaya mwingine kwa poliesta. Oksijeni hunyakua vile vipande visivyotulia vinavyoanzisha kushikana, na kwa hiyo uso unaotazama hewa hubaki ukinata hata kama ndani pameganda barabara. Fundi anaweza kuufunika kwa karatasi laini ya plastiki, au kuipanga kalibu ili upande ulio wazi uwe chini ya kombe, mahali patakapofichwa na kitako.

Kitako hicho kinaweza kutengenezwa kwa vipande vya mpingo ambavyo wachongaji huvitupa. Mpingo ukiwekwa ndani ya resini hupendeza sana, lakini mti wowote, hata mzito kama huo, una vinyweleo vyenye hewa na unyevu. Joto la resini likiipasha hewa hiyo, hutanuka na kutoka kwa mstari wa viputo. Kwa hiyo mti ukaushwe kwanza, upakwe utando mwembamba wa resini na kuachwa ugande, ndipo uingizwe katika kalibu.

Anayetaka kombe lenye sura ya madini anaweza kuchanganya unga laini wa alumini au shaba katika tabaka la kwanza linalogusa kalibu, kisha akajaza nyuma yake resini yenye chaki. Kombe likiisha kuganda husuguliwa kwa sufi ya chuma, utando wa juu wa resini huondoka, na madini yenyewe huanza kung'aa. Tahadhari moja inahitajika: shaba inaweza kuvuruga kuganda kwa poliesta. Jaribio dogo katika kifuniko cha chupa litaokoa kombe zima.

Mvuke usioonekana

Fundi na jamaa zake wanaokaa karibu na banda wanapaswa kuifahamu sehemu hii kuliko zote.

Stirini hugeuka mvuke muda wote resini inapokuwa wazi. Mvuke huo huanza kuweza kushika moto stirini inapofikia nyuzi 31 hivi. Katika nchi baridi chumba cha kazi hakifiki hapo kwa kawaida. Katika Dar es Salaam ni halijoto ya mchana wa kawaida wa kiangazi. Tena mvuke wa stirini ni mzito kuliko hewa kwa zaidi ya mara tatu, hivyo haupandi juu bali hutambaa chini na kukusanyika mabondeni. Jiko la mkaa lililowashwa uani, hatua chache kutoka bandani, linaweza kuufikia. Mtoto anayecheza sakafuni huuvuta kabla ya mtu mzima aliyesimama kuusikia.

Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka stirini katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Kabla ya hapo ilijulikana kwamba huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kuwashwa macho. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inayofaa ni ile yenye vichungi vya mkaa maalumu. Lakini kinga ya kwanza ni hewa: banda lisilo na kuta, lililo mbali na jiko, na mbali na chumba cha kulala.

Kigandishi kina hatari zake. Tone moja la MEKP likiingia jichoni linaweza kupofusha. Miwani ya kinga ivaliwe kabla ya kufungua chupa, na maji mengi yawe karibu. Likiingia, jicho lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Aidha, kigandishi na kichapuzi cha kobalti visichanganywe kamwe moja kwa moja, kwa sababu vinaweza kulipuka. Kichapuzi, kama hakikutiwa kiwandani, hukorogwa kwanza katika resini hadi kienee, ndipo kigandishi kiongezwe.

Epoksi haina stirini, lakini vigandishi vyake huwasha ngozi, na mtu anayevigusa mara kwa mara bila glavu anaweza kupata mzio usiomwacha tena. Mafundi kadhaa duniani wamelazimika kuacha kazi kwa sababu hiyo. Vumbi la kusugua nalo lisivutwe: msasa wa maji huliweka chini. Resini iliyobaki koponi isitupwe jalalani ikiwa bado ina moto, wala isimwagwe mtaroni.

Tanzania ina sheria zinazohusu mambo haya. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Karakana ya uani ni mahali pa kazi sawa na kiwanda.

Maganda ya korosho

Je, pwani iliyowahi kuuza resini itaendelea tu kuinunua? Sandarusi haiwezi kuchukua nafasi ya poliesta. Ikipashwa moto mpaka iyeyuke huanza kuharibika, na isingeweza kumiminwa kalibuni kama nta. Zaidi ya hayo, misitu yake ya pwani imebaki michache na inahitaji kulindwa.

Kitu chenye matumaini zaidi ni ganda la korosho. Wabanguaji wa Mtwara na Lindi wanayajua vizuri mafuta meusi yanayotoka katika ganda hilo na kuchoma vidole. Ukali huo unatokana na fenoli za asili, ndugu wa ile fenoli aliyoitumia Baekeland mwaka 1907. Zikichanganywa na fomaldehaidi nazo huganda na kuwa resini, na moja yao, kadanoli, hutumika katika viwanda vya nje kutengenezea vigandishi vya epoksi. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamechapisha tafiti kadhaa juu ya mafuta haya na mazao yake. Resini ya korosho ni nyeusi au ya kahawia, kwa hiyo haitatoa kombe linalopenyeza nuru kama kioo. Lakini kombe lenye sura ya mpingo au shaba halihitaji resini nyeupe.

Safari kutoka chupa ya maabara hadi kopo la fundi ni ndefu. Hapana budi resini hiyo ipimwe nguvu yake, muda wake wa kuganda, na usalama wa mvuke wake katika joto la nchi hii. Kazi hiyo inawahitaji wanasayansi, na vilevile inawahitaji mafundi wenye daftari, ambao wanaweza kusema kwa tarakimu kwamba resini hii iliganda kwa dakika kadhaa, siku fulani, katika nyuzi fulani. Fundi wa Mbezi Luis anayepima gramu 11 alfajiri, akaandika alichokiona, atakamilisha makombe yake 12 kabla ya siku ya mashindano. Pia atakuwa ameanza kukusanya maarifa ambayo mtafiti wa maabara atayahitaji.